Ruhusa ya Kununua Sinki

Barua zenu nimezisoma. Kuna mama mmoja wa Mtaa wa Lagrange ameniita gofu la mwanaume. Mwingine ameuliza kama mama yangu alinizaa au aliniokota. Sina la kuwajibu. Ninachoomba ni kwamba mkishanitukana msome mpaka mwisho, maana ya wiki iliyopita yalikuwa cha mtoto.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Chester Gorecki, mkata vioo kiwandani, hapa hapa Toledo, Ohio. Miaka kumi na moja iliyopita nilivunja jiko la nyumba yangu kwa nyundo, Jumamosi moja, nikamwahidi mke wangu Marlene jiko jipya. Jipya halikuja. Uvivu sina. Nilikuwa nangoja bei. Kila duka nililoingia niliona wananiibia, nikatoka.

Miaka yote hiyo Marlene kaosha vyombo kwenye beseni la kuogea. Kapikia jiko la kambi, la mtungi mmoja wa gesi, kule kwenye chumba cha chini ya nyumba. Na kila Pasaka, vyakula vya kikapu cha kubarikiwa kanisani kaenda kuvipika kwa dada yangu Bernadine, ambaye humpimia hata chumvi.

Wiki iliyopita mlisoma alivyoondoka Jumatano ya Majivu, jivu bado liko kwenye paji la uso, akabeba sanduku kwenda kwa kaka yake Kaz. Alisema maneno machache tu. "Pasaka hii kikapu kitoke kwenye jiko langu. Kisipotoka, itatoka barua ya wakili."

Zilikuwa zimebaki wiki sita na ushee.

Ndipo ikaja bahasha. Nene, karatasi yake laini, jina langu limeandikwa kwa mkono. Klabu ya Wanunuzi Mlango wa Kiwanda ilikuwa inanialika mimi na mke wangu. Makabati, masinki, mabomba, sakafu, kila kitu kwa bei ya kiwandani, bila duka katikati. Chini yalifuata masharti. Wenye nyumba wote wawili waje pamoja. Simu ziachwe garini. Jibu litolewe siku hiyo hiyo, na atakayekataa asirudi tena kwa miaka saba.

Mtu mwenye akili angeona masharti hayo akatupa karatasi. Mimi niliona masharti hayo nikawaza, watu wanaolinda bei yao namna hii lazima wawe na bei.

Tatizo likawa mke.

Bernadine nilimkuta Ijumaa ukumbini kanisani, kwenye mlo wa samaki wa kukaanga wa Kwaresima. Ni mjane, ana miaka sitini na moja, na tangu utotoni hajawahi kunisemesha neno tamu. Nikakaa mbele yake na sahani yangu.

"Dada, nataka uwe mke wangu," nikamwambia. "Kwa saa mbili tu."

Akautoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani. "Umekunywa?"

Nikamweleza. Akasikiliza huku anakula, bila kuniangalia.

"Na jina langu litakuwa nani?"

"Marlene."

"Mimi niitwe Marlene." Akaweka uma chini. "Huyo wifi yangu asiyejua kukanda hata unga wa pierogi za kujaza viazi. Kila Pasaka ananiachia jiko kama wamepita nguruwe."

"Akipata jiko lake hatakuja tena kwako."

Hapo akauchukua tena uma. Nilijua nimempata.

"Nitakuja," akasema. "Lakini usinishukuru. Nakuja kutazama wanavyokula pesa yako."

Pesa yenyewe ilikuwa dola elfu sita, nimezitunza miaka kumi na moja hiyo hiyo. Kwa duka la kawaida zingetosha makabati ya bei ya chini, sinki, na fundi wa siku mbili. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kabisa. Msije mkasema sikujua.

Jumamosi mchana nikavaa tai. Bernadine akaendesha gari lake, maana langu alisema linanuka. Kwenye klabu tukapokewa na kijana anaitwa Todd Hanrahan, meno meupe, kiganja cha moto, anashika mkono wako haachii.

"Bwana Gorecki. Na wewe ndiye Bibi Marlene. Mmeoana siku nyingi?"

"Huyu," akasema Bernadine, "namjua tangu anakojoa kitandani."

Todd akacheka sana. Akadhani ni utani.

Akatupitisha kwenye majiko ya maonyesho. Sijawahi kuona makabati kama yale. Droo unaisukuma kidogo, inajifunga yenyewe taratibu. Nikaifunga na kuifungua mara nne. Bernadine akaenda kwenye sinki, akafungua bomba. Halikutoa kitu.

"Halitoi maji."

"Ni la kuangalia tu, mama."

"Basi sawa na la kwake," akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Tukakalishwa kwenye meza ndogo, pamoja na wanandoa wengine kama kumi kwenye meza zao. Todd akavuta kiti karibu yangu, akanitazama mimi peke yangu.

"Bwana Gorecki, ukiingia dukani unalipia nini? Unalipia taa zao. Unalipia mshahara wa yule anayekuudhi. Unalipia tangazo la kwenye televisheni. Sinki lenyewe hujalilipia bado."

Ndugu zangu, nilitaka kulia. Miaka kumi na moja nimesema maneno hayo hayo. Nimeyasema kazini, nimeyasema mezani, nimemwambia Marlene mpaka akawa anatoka chumbani. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kunikubalia. Ningemfuata popote.

"Kabati hili ni bei gani?" Bernadine akauliza.

"Bei wanaonyeshwa wanachama, mama."

"Na uanachama ni kiasi gani?"

"Dola elfu nne mia tisa. Kwa miaka mitatu."

"Kwa hiyo nalipa kwanza, ndipo niambiwe kama nimelipa kwa faida."

"Mama, ni suala la kuheshimu viwanda. Bei zao ni siri." Akageuza mbele yetu kurasa mbili za kitabu kinene, harakaharaka, kidole chake kikifunika upande mmoja. "Mmeona? Nusu bei. Mkitengeneza nyumba nzima, paa, sakafu, bafu, jiko, ada hii inarudi mara tatu."

"Anataka sinki," Bernadine akasema.

"Leo sinki, mama. Kesho je?"

"Kesho pia ni hilo hilo sinki. Miaka kumi na moja ni sinki moja."

Nikampiga teke chini ya meza. Akanirudishia, na kiatu chake kina kisigino.

Mara kengele ikalia. Mume na mke wa meza ya dirishani walikuwa wamesaini, mume kavuta kamba ya kengele iliyoning'inia ukutani, na wafanyakazi wote wa klabu wamesimama wanapiga makofi. Yule mwanaume alikuwa amesimama wima. Mkewe alikuwa anamtazama kama siku ya harusi yao. Marlene hajanitazama hivyo tangu niishike ile nyundo.

Bernadine yeye alikuwa ameivaa miwani yake ya kusomea, ile ya fremu nyekundu yenye mnyororo wa shanga, na alikuwa anasoma mkataba. Alikuwa anausoma wote. Nadhani ni mtu wa kwanza kuwahi kuusoma wote, maana Todd alianza kutokwa na jasho.

"Usafirishaji juu yetu," akasema. "Na ada ya kushughulikia mzigo, juu yetu. Ukiletewa kitu kibovu hurudishiwi pesa. Ukijiunga huwezi kujitoa. Chester, sikiliza hii. Mzigo kufika, wiki kumi mpaka kumi na nne. Pasaka ni lini?"

"Wiki tano," nikasema.

"Hayo huandikwa na wanasheria, mama," Todd akasema. "Mizigo mingi huwahi."

"Mingi ipi? Nitajie mmoja."

Todd akakifunga kitabu chake. Akaniinamia mimi, akashusha sauti, lakini si sana. "Bwana Gorecki, samahani kwa kusema. Miaka hii nimekaa hapa nimejifunza kitu. Kuna nyumba jogoo ni mume, na kuna nyumba jogoo ni mwingine. Si kosa. Mimi nataka nijue tu niongee na nani."

Sikieni, sitajitetea. Mnipige mawe. Nilijua hesabu. Nilikuwa na elfu sita, nikitoa elfu nne mia tisa nabaki na elfu moja na mia moja, nayo hainunui hata milango ya makabati. Nilikuwa nanunua ruhusa ya kununua, kwa pesa yenyewe ya kununulia. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Lakini meza ya jirani walikuwa wameshasikia neno jogoo, na mwanaume mmoja alikuwa anatabasamu kwenye kikombe chake cha kahawa.

"Unaongea na mimi," nikasema. Nikachukua kalamu, nikaweka saini yangu.

Bernadine akavua miwani, akaiweka mezani.

"Baba alisema hivi hivi," akasema polepole. "Alisema Chester atauza ng'ombe anunue kamba ya kumfungia. Nilimtetea. Nilimwambia baba, mwache, ni mdogo."

"Weka saini, dada." Neno likanitoka. Nikakohoa. "Marlene. Weka saini."

"Mimi nilikuja kukaa kwenye kiti. Sikuja kufungwa kwa ajili ya droo inayojifunga yenyewe."

Akachukua mkoba, akatoka. Mlango wao nao ni wa aina hiyo hiyo. Ulijifunga taratibu.

Todd hakustuka hata kidogo. Nadhani ameshaona wake wengi wakitoka. Akanisukumia karatasi. "Mpelekee garini. Wakipata hewa huwa wanatulia. Lakini tunafunga saa kumi, na miaka saba ni mingi."

Nikatoka na karatasi na kalamu yao. Baridi ilikuwa kali, theluji chafu imerundikwa pembeni ya maegesho. Bernadine alikuwa kwenye usukani, kapandisha vioo, kafunga milango yote. Nikagonga. Hakugeuka. Nikagonga tena. Akawasha redio.

Basi nikaiweka karatasi juu ya boneti ya gari lake, nikaandika mwenyewe. Marlene T. Gorecki. Saini yake naijua, ile M yake ya mapembe mawili na mkia wa mwisho unaopanda juu. Nimeiona kwenye kadi za Krismasi miaka ishirini na mbili. Ilitoka nzuri kuliko yangu. Nilipoinua uso, Bernadine alikuwa ananitazama kupitia kioo cha mbele, na alikuwa amezima redio.

Nikarudi ndani, nikalipa elfu nne mia tisa zao, nikavuta kamba ya kengele. Walinipigia makofi. Peke yangu.

Njiani Bernadine aliendesha kwa kasi, macho barabarani. Tulipokata kona ya mtaani kwangu tukaona gari kubwa la mizigo limesimama mbele ya nyumba. La Kaz, kaka yake Marlene.

"Shuka," Bernadine akasema.

"Dada, kama akiuliza..."

"Mimi sijui kitu. Mimi leo nilikuwa nyumbani na miguu yangu inauma. Shuka kwenye gari langu."

Nikashuka. Mkataba niliukunja, nikausokomeza kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Mlangoni niliona sanduku la Marlene, chini ya ngazi. Sanduku lile lile.

Jikoni Kaz alikuwa amelala chali sakafuni, kichwa ndani ya kabati moja jeupe la kawaida, miguu nje. Juu ya kabati kulikuwa na sinki. Sinki la chuma, la duka la pale kona, lebo ya bei bado imebandikwa. Marlene alikuwa amesimama pembeni na koti lake, ameshika tochi.

"Umevaa tai," akasema.

"Nilikuwa kwenye mazishi."

"Ya nani?"

"Wa kazini. Humjui."

Akafanya ishara ya msalaba. Mungu anisamehe, na ni Kwaresima.

"Shemeji," Kaz akasema kutoka chini, "kama huna spana mkononi usisimame kwenye mwanga wangu."

Nikasogea. Marlene hakuniangalia usoni, alikuwa anaangalia lile sinki.

"Nimelinunua asubuhi," akasema. "Bei ya dukani. Sikuomba kupunguziwa hata senti. Nimelipa pesa ya muuzaji, nimelipa na taa zake, nimelipa kila kitu unachokichukia. Imenichukua dakika ishirini. Ishirini, Chester."

"Ni zuri."

"Si zuri. Ni sinki." Akalimulika kwa tochi. "Sijarudi. Nimerudi kwa majaribio. Makabati tutaongeza moja moja, kwa pesa yako ile uliyoitunza. Kaz atafunga. Pasaka kikapu kitatoka hapa. Nikikanyaga tena jikoni kwa dada yako nitamtia yeye ndani ya sufuria."

Nikasema sawa. Mfuko wa ndani wa koti ulikuwa unanichoma.

"Fungua," Kaz akasema.

Marlene akafungua bomba. Likakohoa, likatema maji ya kutu, halafu yakaja safi. Maji jikoni kwetu. Akavua pete zake, akaziweka pembeni, akaosha kikombe kimoja. Kilikuwa safi tayari. Akakiosha tena. Nikaona mabega yake yanashuka, yale mabega yaliyokuwa juu miaka yote hii, na nikajua kwamba huyu mwanamke anarudi kweli, na kwamba lazima nimwambie sasa hivi kabla hajakikausha kikombe kile.

"Marlene," nikasema. "Kuna kitu."

Simu ya ukutani ikalia.

Nilikuwa mbali nayo hatua tatu. Yeye alikuwa hatua moja. Akaipokea kwa mkono wenye maji.

"Ndiyo... Ndiye mimi. Bibi Gorecki mwenyewe."

Akasikiliza. Uso wake haukubadilika. Nilimwona akitazama tai yangu, halafu koti langu, halafu viatu vyangu vyenye chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani.

"Mwanachama," akasema. "Hongera kwangu. Asante sana." Akasikiliza tena. "Nilisaini leo? Ndiyo, nakumbuka. Kumbe nilikuwa na hasira mpaka nikasahau kitu."

Kaz akatoa kichwa ndani ya kabati.

"Miwani," Marlene akasema. "Niambie ikoje, nisije nikachukua ya mwenzangu." Akafunga macho. "Nyekundu. Yenye mnyororo wa shanga."

Miwani hiyo ya Bernadine ameitazama juu ya sufuria miaka kumi na moja. Kila Pasaka, kila gramu ya chumvi.

"Ndiyo, ni yangu," akasema kwenye simu, kwa upole kabisa. "Mniwekee. Na karatasi yangu yenye saini mniwekee vilevile, usiitie kwenye faili. Jumatatu asubuhi nakuja kuichukua mwenyewe, na kitambulisho changu."

Akarudisha simu ukutani. Akavaa pete moja, ile ya mama yake. Ya ndoa akaiacha pale pale pembeni ya sinki.

"Marlene, sikiliza, yule alikuwa Bernadine tu."

"Najua ni nani," akasema. "Angekuwa mwanamke mwingine ningeweza kukusamehe."

Akafunga bomba kwa nguvu, akamgeukia kaka yake.

"Kaz, lifungue hilo sinki. Tunaondoka nalo."

Kaz akanitazama, akatazama sinki, akaokota spana yake.

"Na bomba?" akauliza.

"Bomba mwachie," akasema Marlene. "Yeye ni mwanachama."